Biashara Iliyoibiwa na Mtu wa Ndani



Katika vikao vyetu vya Haki na Amani tumezoea kuzungumzia dhuluma inayotoka juu: mwenye shamba kubwa dhidi ya mkulima, mwajiri dhidi ya kibarua, ofisa dhidi ya mwananchi. Ni vema, wala tusiache. Lakini iko dhuluma nyingine ambayo hatuitaji mara nyingi, kwa sababu yatutia haya. Ni ile inayotendeka ndani ya vyombo vyetu wenyewe: duka la ushirika, chama cha akiba na mikopo, mashine ya kusaga ya akina mama, mfuko wa kuzikana, mradi wa kuku wa vijana. Mtu tuliyemchagua kwa kunyoosha mikono, tukamwombea, tukamkabidhi ufunguo, huyo huyo ndiye anayekomba kisanduku. Na wanaoumia si matajiri wenye akaunti tano mjini. Ni watu wasio na mahali pengine pa kuweka akiba.

Swali ninalotaka kulijadili hapa si lile la kumfanya nini mwizi. Swali hilo huulizwa kwa sauti kubwa kila mara, nalo humeza maswali mengine yote. Mimi nauliza hivi: biashara iliyokwisha kuibiwa ifanyweje ili isimame tena, na wale waliotia jasho lao wasipotelewe mara ya pili? Maoni yangu niyatoe mapema. Yaweza kusimama, lakini kwa sharti moja gumu, nalo ni kwamba ukweli usemwe kwanza, kabla fedha hazijatafutwa. Na sisi watu wa Kanisa, kwa hamu yetu ya kuleta amani upesi, mara nyingi ndio tunaouzuia ukweli huo.

Nasema hivyo nikijua ninachosema, maana nilishiriki kosa hilo. Miaka minane iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikitumikia wakati ule, waamini wa vigango vitatu walikuwa na ushirika mdogo wenye duka la pembejeo na mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa mmoja wa watia saini wa hundi. Mweka hazina alikuwa mtu mwema kwa kila kipimo tulichokuwa nacho: mwanakwaya, msomaji wa masomo, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Kwa kuwa nilikuwa safarini vigangoni karibu kila juma, nilimwachia kitabu cha hundi chenye saini yangu kwenye karatasi kumi zilizo tupu. "Baba, sitaki kukusumbua kila mara," aliniambia. Nikamshukuru kwa kunijali.

Aliyeligundua jambo hilo hakuwa mkaguzi, wala mwenyekiti, wala mimi. Alikuwa mjane mmoja aliyekuja mwezi wa Januari kuchukua akiba yake ampeleke mwanawe chuo cha ufundi. Kitabu chake kilionyesha shilingi 640,000. Akaambiwa aje Jumatatu. Akaja Jumatatu, akaambiwa aje nyingine. Mara ya tatu hakuondoka. Aliketi kwenye kizingiti cha duka tangu asubuhi mpaka taa zikawashwa, bila kugomba na mtu, na kila aliyekuja kununua mbegu ilimpasa amruke. Usiku ule mweka hazina alibisha hodi nyumbani kwa mapadre.

Pengo lilikuwa shilingi milioni 9. Tulikutana watu sita, wazee wenye heshima pamoja nami. Hoja zilizotolewa mnazijua, kwa sababu hata ninyi mmezisikia. Kwamba ni mwenzetu. Kwamba madhehebu mengine yatatucheka. Kwamba tukitangaza, watu watakuja kutoa akiba zao zote siku moja na ushirika utakufa. Kwamba Mkristo husamehe. Alilia mbele yetu, nasi tukalia. Akaandika karatasi ya ahadi kuwa atarudisha kidogo kidogo, tukaiweka kabatini, yeye akarudi dukani kesho yake na funguo zake zile zile.

Kwa muda wa miezi minane alilipa kweli. Alikuwa akilipa kwa njia hii: alichukua mbolea na mbegu kwa mkopo kutoka kwa msambazaji wa mjini, kwa jina la ushirika, akaziuza, sehemu ya mauzo akairudisha kama "malipo" na sehemu kubwa akaitumia kuzima madeni yake mengine. Msambazaji alipofika na gari kudai, deni jipya lilikuwa milioni 14. Leja mbili zilikuwa zimekwisha kupotea. Kwa hiyo wizi wa kwanza aliufanya yeye. Wizi wa pili, uliokuwa mkubwa zaidi, tuliufadhili sisi kwa kile tulichokiita huruma.

Ndugu zangu, msamaha na funguo ni vitu viwili. Naweza kumsamehe mtu leo hii, nikala naye, nikamwombea, na bado nisimrudishie funguo za mali ya watu. Fedha zile hazikuwa zangu. Nilikuwa na mamlaka gani ya kusamehe shilingi 640,000 za mjane bila kumwuliza? Mafundisho ya Kanisa kuhusu amri ya saba ni wazi katika jambo hili: anayetubu wizi anawajibika kurudisha. Zakayo hakuishia kusema amejuta. Alitaja hesabu, mara nne. Sisi tulimpa mwenzetu ondoleo la bei rahisi, na gharama yake wakalipa wengine.

Yapo masimulizi ya kampuni moja kubwa ambayo hupenda kuwasimulia viongozi wa walei, kwa sababu yanaonyesha kuwa ugonjwa huu hauna taifa wala kimo, na kwamba mgonjwa aweza kupona. Katika mji wa Bayonne, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mfanyabiashara Anthony De Angelis alikuwa na matangi makubwa ya mafuta ya soya. Kampuni tanzu ya American Express ilikuwa na kazi ya kuyahakiki mafuta hayo na kutoa stakabadhi, kama vile tunavyojua sisi katika stakabadhi ghalani za korosho au ufuta. Kwa stakabadhi hizo De Angelis alikopa mamilioni ya dola. Kumbe matangi mengi yalikuwa na maji. Mafuta huelea juu ya maji, basi mkaguzi akifungua mfuniko na kutumbukiza kipimo, anakutana na mafuta, anaandika, anaondoka. Tena matangi mengine yaliunganishwa kwa mabomba, hivyo mafuta yale yale yalihamishwa kutoka tangi hadi tangi yakimtangulia mkaguzi. Na waliowekwa kulinda ghala walikuwa watu waliokuwa watumishi wa De Angelis mwenyewe!

Jambo linaloniumiza zaidi katika habari hiyo ni kwamba mnamo mwaka 1960 mtu asiyejitaja jina aliipigia simu American Express na kuwaonya kuwa ndani mna maji. Ukaguzi ukafanyika, maji yakaonekana kweli, lakini maelezo yakatolewa na wakubwa wakaridhika. Miaka mitatu ilipita. Novemba 1963 kampuni ya De Angelis ikafilisika, na hasara ya mabenki na makampuni yaliyozitegemea stakabadhi zile ikazidi dola milioni 150. Katika miezi iliyofuata bei ya hisa za American Express ilishuka karibu nusu.

Basi walifanyaje? Kisheria, kampuni iliyotoa stakabadhi ilikuwa chombo kinachojitegemea. Kampuni mama ingeweza kuiacha ifilisike na kuwaambia wadai, "Poleni, sisi hatumo." Wapo wanahisa waliotaka hivyo hasa, hata wakaenda mahakamani kuzuia malipo. Rais wa kampuni, Howard Clark, aliamua vingine: akawapa wadai pendekezo la kulipwa dola milioni 60. Wakati huo mwekezaji kijana wa mji wa Omaha, Warren Buffett, alikwenda kukaa katika mikahawa na maduka ya mjini kwake kutazama kama watu wameacha kutumia kadi na hundi za wasafiri za kampuni hiyo. Hawakuwa wameacha. Akanunua hisa kwa dola zipatazo milioni 13, karibu asilimia 5 ya kampuni, na akaunga mkono malipo kwa wadai. Kampuni ilisimama, ikakua kuliko hapo awali. De Angelis alihukumiwa kifungo mwaka 1965.

Sitaki kumfanya Bwana Clark mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara, na alipiga hesabu. Lakini tazameni hesabu yenyewe aliyopiga. Kampuni yake iliuza hundi za wasafiri. Na hundi ya msafiri ni nini, kama si karatasi ambayo mgeni huipokea kwa sababu anaamini jina lililoandikwa juu yake? Akiyakana madeni ya mwanawe, angekuwa amelinda fedha na kuliua jina. Duka letu la pembejeo nalo lilikuwa vivyo hivyo. Mashine ya kusaga ilikuwa nzima. Jengo lilikuwapo. Wakulima bado walihitaji mbegu. Kilichokuwa kimekufa ni neno moja tu: kitabu cha akiba kilisema 640,000 na kisanduku kikasema hapana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kufufuka, baada ya aibu ile ya pili, ilikuwa mkutano. Hatukuwaita viongozi peke yao. Tuliwaita wanachama wote, uwanjani, tukawasomea tarakimu: milioni 9 na milioni 14, jumla 23. Nami nikasimama nikasema habari ya hundi kumi. Sijawahi kuhubiri mahubiri magumu kama maneno yale machache. Tulitazamia vurugu, na kwa kweli kulikuwa na kelele. Wapo waliotaka kwenda kuezua mabati ya nyumba ya mweka hazina, ambamo mke na watoto wanne walikuwa wamejifungia. Halmashauri ya walei ilifanya kazi nzuri siku hiyo kwa kwenda kuketi mlangoni pale mpaka usiku. Mke hakuiba. Watoto hawakuiba. Haki inayoanza kwa kuwaacha watoto bila paa si ile ambayo tume yetu imeundwa kuitafuta.

Lakini ule mkimbio wa kutoa akiba tuliouogopa haukutokea. Watu walikuwa wamekwisha kujua. Huo ndio upumbavu wa siri zetu: tulikuwa tumeficha jambo ambalo kila jiko la kijiji lilikuwa likilisimulia, tena likiongeza chumvi. Uvumi ulikuwa umeipandisha hasara hadi milioni 60. Ukweli wa milioni 23 ulikuwa afadhali.

Kisha zipo kazi ambazo hazingoji mkutano, nazo ni za saa za mwanzo. Zingefanyika Januari ile ile, tungeokoa mengi. Benki iarifiwe siku hiyo hiyo na watia saini wabadilishwe. Na kama fedha zimepita kwenye simu, kampuni ya simu ipigiwe mara moja, maana fedha ya simu hukimbia kuliko mwizi mwenyewe. Leja, vocha, vitabu vya stakabadhi na simu ya ofisi viwekwe mahali penye kufuli mbili, kwa orodha iliyotiwa saini na mashahidi. Polisi wapewe taarifa na namba ya RB ichukuliwe, kwa kuwa bila hiyo bima haisikii, na benki nayo husita. (Wenye bima ya uaminifu wa watumishi wasome masharti yao leo, wasingoje, kuchelewa kutoa taarifa huweza kupoteza haki ya fidia.) Mtuhumiwa aondolewe kazini bila kutukanwa. Wala asitishwe ili aandike maungamo. Karatasi iliyoandikwa mbele ya umati wenye fimbo haina thamani mahakamani, na si haki.

Halafu aitwe mkaguzi asiyekuwa ndugu wala rafiki wa mtu yeyote katika kamati. Kwa vyama vya ushirika vilivyoandikishwa Tanzania liko Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Vikundi vidogo vyaweza kumwomba Ofisa Ushirika wa wilaya, au mhasibu wa parokia jirani. Kazi ya mkaguzi si kumkamata mtu tu. Ni kutuambia tunadaiwa kiasi gani, na nani, na tunamiliki nini. Mpaka hapo tulipo, hatujui kama tunamwuguza mgonjwa au tunamkesha marehemu.

Na hasara ikijulikana, iandikwe. Viko vyama vinavyoiacha hasara katika vitabu kama "mdaiwa", mwaka baada ya mwaka, jina la mwizi likiwa katika orodha ya mali za chama! Mwaka 2025 majirani zetu wa Kenya walishtushwa na taarifa ya ukaguzi wa KUSCCO, muungano ambamo vyama vingi vya akiba na mikopo viliweka fedha zao: shilingi bilioni 13.3 za Kenya zilikuwa zimepotea. Msimamizi wa serikali alivitaka vyama vilivyoweka fedha humo vitenge akiba ya kufidia hasara katika hesabu zao. Wanachama walionung'unika kwa gawio kupungua niliwaelewa. Lakini ni heri gawio dogo la kweli kuliko kubwa linalolipwa kwa fedha ya jirani anayeingia mlangoni.

Juu ya kurudishiwa fedha na mwizi, nawaomba tuwe watu wazima. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ACFE, katika taarifa yake ya mwaka 2024 kilionyesha kuwa udanganyifu wa kawaida hudumu miezi 12 kabla ya kugunduliwa, na kwamba zaidi ya nusu ya walioibiwa hawakurudishiwa chochote. Kwa hiyo kesi ifunguliwe, na mahakama ikimtia mtu hatiani iombwe iamuru fidia. Lakini mpango wa kuinua biashara usijengwe juu ya mfuko wa mwizi. Sisi tulipata milioni 3, kutokana na kiwanja chake kilichouzwa. Nyingine milioni 20 zilibidi zitoke katika mashine ya kusaga.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka mara ya pili. Biashara iliyojeruhiwa hunusiwa na fisi. Huja mtu mwenye suti akasema anawajua wakubwa, mlipe kidogo tu naye atarudisha fedha zenu zote. Huja mwingine na mradi wa kupanda fedha na kuvuna mara mbili. Tanzania hatuna udhuru wa kutokujua: DECI ilisimamishwa mwaka 2009 baada ya kuwavuta maelfu ya watu kwa lugha ya mbegu na mavuno, na wachungaji waliokuwa viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani mwaka 2013. Aliyepoteza ana haraka, na mwenye haraka ni chakula cha walaghai. Kupona kwa kweli ni kwa polepole, tena kwa kuchosha.

Sasa swali la haki lililotusumbua kuliko yote: nani alipwe kwanza? Msambazaji wa mbolea alikuwa na mwanasheria. Wanachama hawakuwa naye. Wengine kamatini walisema alipwe mwenye nguvu kwanza, asije akatufilisi. Mimi nilibisha, na bado nabisha. Kwanza tulimwendea msambazaji, mwenyekiti na mimi, na taarifa ya mkaguzi mkononi, bila kuficha ukurasa hata mmoja. Alitugombeza kwa muda mrefu, alistahili, kisha akakubali kulipwa kwa miaka kadhaa, kwa sharti kwamba tangu siku hiyo atatuuzia kwa fedha taslimu tu. Mdai akionyeshwa ukweli wote hupenda kuona mdaiwa wake anaishi. Maiti haimlipi mtu. Kisha wanachama wenye akiba zisizozidi shilingi 200,000 walilipwa wote kamili mwaka wa kwanza, maana kwao kiasi hicho kilikuwa ndicho chote. Waliobaki, pamoja na msambazaji, waligawana kwa uwiano ziada ya mashine, kama shilingi 200,000 kila mwezi. Mjane wetu, kwa kuwa akiba yake ilikuwa 640,000, aliingia katika kundi la kungoja. Aliukubali mpango huo mkutanoni kwa mkono wake mwenyewe. Nilishindwa kumtazama.

Yuko mtu mwingine niliyeshindwa kumtazama. Kijana aliyeendesha mashine alikuwa amefukuzwa mwezi wa pili wa kadhia hii, kwa kuwa watu walisema "hata yeye lazima alijua". Hakuna aliyemsikiliza. Mkaguzi alipomaliza kazi alikuta kwamba daftari la debe zilizosagwa, lililoandikwa na kijana huyo kwa kalamu ya risasi, ndilo rekodi pekee ya kweli katika ushirika mzima. Tena alikuwa amekwisha kumweleza katibu mara mbili kuwa fedha za mashine hazilingani na debe, akajibiwa aangalie kazi yake. Nikakumbuka simu ile ya mwaka 1960. Taarifa niliyoitaja inasema asilimia 43 ya udanganyifu hugunduliwa kwa sababu mtu fulani amesema, na wengi wa wasemaji hao ni watumishi wa ndani. Tulimwomba kijana radhi mbele ya wanachama na kumrudisha kazini na mishahara ya miezi aliyokosa. Mnaoongoza vyama, mtengenezeeni mdogo njia ya kusema bila kupitia kwa mkubwa anayemtuhumu.

Na kuhusu mwizi mwenyewe, niseme machache. Mwaka 1953 mwanasosholojia wa Marekani, Donald Cressey, alitoa kitabu kilichotokana na mazungumzo na wafungwa waliokuwa wameiba fedha walizokabidhiwa. Aliona mambo matatu yakikutana: shida ambayo mtu hawezi kumwambia yeyote, nafasi ya kuchukua bila kuonekana, na maneno ya kujihesabia haki, hasa hili la "nimeazima tu". Mweka hazina wetu alikuwa ameuguza mtoto hospitali ya mbali, akaingia katika mikopo ya kausha damu, na akaona haya kusema kwa sababu alikuwa mtu wa heshima katika jumuiya. Kila Jumamosi alikaa nasi katika jumuiya ndogo ndogo, tukauliza nani ana shida, naye akaomba kwa ajili ya wengine. Simwondolei lawama. Alihukumiwa, akatumikia kifungo chake. Lakini nafasi ya kuiba tulimpa sisi, na jumuiya ambayo mtu mwenye heshima hawezi kukiri ndani yake kwamba amefilisika, nayo yapaswa kujichunguza.

Nafasi ndiyo iliyo rahisi kuiziba, wala haihitaji kompyuta. Anayepokea fedha asiwe anayeandika leja. Anayeandika leja asiwe anayekwenda benki. Taarifa ya benki ifike kwa mtu ambaye si mweka hazina, naye ailinganishe na leja kila mwezi, si kila mwaka. Mweka hazina apewe likizo ya lazima majuma mawili na mtu mwingine ashike kazi yake, kwa sababu udanganyifu mwingi huhitaji mwenyewe awepo kila siku kuulisha. Vitabu vya akiba vya wanachama viitwe vyote mara moja kwa mwaka, vilinganishwe na leja hadharani. Na asiwepo mtu, hata akivaa kanzu, anayetia saini hundi tupu. Mtaniambia kwamba hayo ni kumshuku ndugu. La hasha! Mweka hazina mwaminifu asiyekaguliwa hana namna ya kuuthibitisha uaminifu wake siku atakapozuliwa. Ukaguzi ni ngao yake kabla ya kuwa mtego wa mwingine.

Mwaka jana nilipita katika parokia ile, ambako situmikii tena. Nje ya mashine kuna ubao mweusi, na kila jioni huandikwa juu yake debe zilizosagwa, fedha zilizopokelewa na jina la aliyezipeleka benki au kwa wakala. Watoto wa shule huusoma wakipita. Duka ni dogo kuliko zamani, na bado linanunua mbolea kwa taslimu. Yule aliyekuwa mweka hazina amerudi nyumbani, anafyatua matofali, anaimba tena kwaya katika safu ya nyuma, na kila mwezi huleta kwa katibu kiasi kidogo, naye hupewa stakabadhi. Funguo hana, wala hajaziomba.

Mjane alinikaribisha uji. Mwanawe alikwenda chuo akichelewa miaka miwili, sasa ni fundi umeme. Kabla sijaondoka aliingia ndani akatoka na kitabu chake cha akiba, akanifungulia ukurasa wa mwisho nione. Amekwisha kulipwa 530,000. Zimebaki 110,000.

Wenu katika huduma,
Paroko